Zimwi Lisiloijua Nyumba: Nafasi ya Hasimu katika Fasihi ya Kiswahili

Jagina wa fasihi ya Kiswahili ameandikiwa mengi. Safari zake zimechambuliwa, ndoto zake zimefasiriwa, na mauti yake yameombolezwa katika tasnifu na makala. Hasimu wake, yaani yule mhusika anayesimama baina yake na lengo lake, huambulia aya moja au mbili zilizosheheni vivumishi: katili, mlafi, mbinafsi, mnafiki. Mwanafunzi wa shule ya upili huvikariri vivumishi hivyo, akaambatisha kila kimoja na tukio la kukithibitisha, akapata alama zake na kwenda zake akiamini kwamba amemwelewa mtu.

Si haki kumlaumu mwanafunzi huyo peke yake, wala mwalimu wake. Mara nyingi kitabu chenyewe hakina zaidi ya vivumishi hivyo. Watunzi wengi wa riwaya na tamthilia wamezoea kumleta hasimu kama mgeni aliyeshuka na uovu wake tayari, hana alikotoka, hana anachokipenda, hana hoja ambayo jagina anawajibika kuijibu. Makala haya yanashikilia kwamba mazoea hayo ni kuyapa kisogo mapokeo ya masimulizi ya Afrika Mashariki, ambamo hasimu ni mtu anayeijua nyumba vizuri kuliko wengi wanaoishi ndani yake.

Mfano wa karibu unapatikana Ukambani. Kasikeu imo katika eneo la Kilome, Makueni, si mbali na mji wa Sultan Hamud ulio kando ya reli na ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Mji huo, kama inavyojulikana, una jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar. Ngano za Ukambani, sawa na za majirani wake wengi, zina hasimu mmoja asiyechoka: zimwi. Katika mojawapo ya ngano zilizoenea sana, na zenye sura nyingi kote katika Afrika Mashariki, zimwi haliji likinguruma. Linakuja ngomani likiwa kijana mtanashati. Linajua kucheza, linajua kusalimu wazee, linajua maneno ambayo msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini angependa kuyasikia. Wachumba waliokataliwa hawakuwa na kasoro kubwa. Walikuwa wa kawaida tu. Zimwi linampata msichana kwa sababu limeusoma ule upungufu mdogo wa moyo wake ambao wazazi wake hawakuuona au waliuona wakaudharau.

Hapa lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kwa Kikamba, neno iimu, wingi wake aimu, hutumika kwa roho za wahenga walioaga dunia, na jina la zimwi la ngano ni la ukoo huohuo wa maneno. Kiswahili nacho kina mzimu na zimwi, na mwanafunzi wa isimu wa mwaka wa kwanza anaweza kuliona shina linaloyaunganisha. Mzimu ni wa kwenu, hutambikiwa, hukumbukwa kwa jina. Zimwi hula watu. Wahenga walioyatoa maneno hayo katika shina moja hawakuwa na upungufu wa msamiati. Waliposema zimwi likujualo halikuli likakwisha, walikuwa wakieleza jambo ambalo nadharia nyingi za uhusika hulizunguka bila kulifikia: baina ya mtu na adui yake mkuu kuna ujuzi, na pengine undugu.

Watunzi wa tendi za pwani walilifahamu hilo barabara, na walimheshimu hasimu kiasi cha kumpa kichwa cha kitabu. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa na Mwengo bin Athumani mwaka wa 1728 huko Pate, unajulikana pia kuwa Chuo cha Herekali. Herekali ni kaisari wa Rumi, adui wa jeshi la Waislamu katika utenzi huo. Anaandikiwa barua naye anajibu. Ana jeshi, ana dini, ana fahari ya wazee wake. Utenzi wa Rasi'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye beti zaidi ya 4,000, umebeba jina la mfalme adui kuanzia jalada hadi mwisho, na jina lenyewe kwa Kiarabu ni kichwa cha zimwi. Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mazoea tu ya wanakili wa miswada. Huenda. Lakini msikilizaji aliyeketi usiku kucha kusikiliza beti hizo hakukusudia kusikiliza mtu dhaifu akishindwa. Ushindi wa Ali bin Abi Talib una uzito kwa sababu aliyeshindwa alikuwa na uzito.

Kisa cha Fumo Liyongo kinakwenda mbali zaidi. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913, mtawala wa Pate anamwogopa Liyongo na kumfunga. Liyongo anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate aliopelekewa na mama yake. Nguvu imeshindwa, minyororo imeshindwa. Ndipo mtawala anapofanya jambo la hasimu wa kweli: anaacha kumtazama Liyongo na kuanza kuwatazama watu wa Liyongo. Anamwona mwanawe. Anamwahidi binti yake na cheo, na kijana anakwenda kwa baba yake kuuliza ni kitu gani kiwezacho kumuua. Baba anamwambia, na inaonekana wazi kwamba baba anafahamu kwa nini ameulizwa. Sindano ya shaba inaingia kitovuni, mahali ambapo mtu aliunganishwa na mama yake. Jagina anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kuteka maji.

Nani hasimu hapo? Jibu la haraka ni mtawala wa Pate. Lakini mtawala hakuijua siri ya kitovu. Mwana ndiye aliyeipata. Kila msomaji anayekirudia kisa hicho hujikuta akimfikiria yule kijana kuliko mfalme. Alitaka nini hasa? Binti wa mfalme, au kutoka tu chini ya kivuli cha baba asiyeshindika? Utenzi haulijibu swali hilo, na kwa kutolijibu umeishi.

Kithaka wa Mberia aliuchukua mfumo huohuo katika Kifo Kisimani (2001). Mwelusi anapambana na Mtemi Bokono, mtawala wa Butangi, naye anauawa kisimani na nduguye Gege, aliyeahidiwa Alida, binti wa Mtemi. Tamthilia hiyo imesomwa na maelfu ya wanafunzi wa Kenya, na wengi wao wameandika insha kuhusu uongozi mbaya wa Bokono. Bokono lakini ndiye mhusika aliye rahisi kuliko wote mle ndani. Anatenda kama mtemi dhalimu anavyotarajiwa kutenda. Gege ndiye anayepaswa kumnyima mtahini usingizi. Anakula chungu kimoja na Mwelusi, mama yao ni mmoja, naye ana wivu ambao hautokani na siasa hata kidogo. Swali la mtihani lingalikuwa na manufaa makubwa kama lingemuuliza mwanafunzi: je, bila Bokono, Gege angempenda ndugu yake?

Ni vyema kumkumbuka Shaaban Robert katika hatua hii, kwa sababu yeye mara nyingi hutolewa kama kielelezo cha hasimu bapa. Ni kweli kwamba katika Adili na Nduguze (1952) mahasimu wanaitwa Hasidi na Mwivu, na msomaji hana haja ya kusubiri sura ya tatu ili awajue. Ni kweli pia kwamba katika Kusadikika (1951) anayemshtaki Karama ni waziri aitwaye Majivuno. Hata hivyo, Hasidi na Mwivu ni ndugu wa Adili wa tumbo moja. Jina limewaanika, lakini damu inamfunga Adili asiweze kuwatupa. Huruma yake kwao ndiyo mateso yake. Waigaji wa Shaaban Robert walichukua majina ya kulipua siri wakauacha udugu. Ndiyo maana vitabu vimejaa akina Bwana Tamaa na Mheshimiwa Fisadi wasio na kaka wala dada.

Kinyume chake ni Utengano wa Said Ahmed Mohamed (1980). Bwana Maksuudi ana kila sifa ya hasimu: anamfungia Maimuna nyumbani, anamtesa Bi Tamima, anaivaa heshima ya mji kama kanzu. Angaliachwa hivyo angekuwa mbaya mwingine tu. Mwandishi alimweka kando yake Bi Farashuu, mkunga mzee anayeingia katika nyumba ile kwa kisasi cha yale Maksuudi aliyomtendea binti yake, Mwanasururu. Kisasi hicho kina haki ndani yake. Lakini wanaoungua ni Tamima na Maimuna, wanawake ambao hawakumkosea Farashuu lolote. Msomaji anayemhukumu Farashuu inambidi kwanza aikubali hoja yake, na hapo ndipo riwaya inapopata nguvu ambayo haijafifia kwa zaidi ya miaka 40. Farashuu anaijua nyumba. Ameingia kwa mlango wa uzazi, mlango ambao mwanamume mwenye nyumba hana ufunguo wake.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mmoja wa watu walioonyesha ujasiri mkubwa katika suala hili hakuwa mtunzi wa riwaya. Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare inayomhusu mfanyabiashara wa Venisi, hakuiita kwa jina la mtu mmoja. Aliiita Mabepari wa Venisi (1969). Kwa neno moja, tena la wingi, alimtia Antonio katika kapu moja na Shailoki, jagina na hasimu wake pamoja. Mtu anaweza kupinga siasa iliyolizaa neno hilo, lakini hawezi kukana kwamba kichwa hicho kinamlazimisha msomaji amtazame mtu mwema wa hadithi kwa jicho la adui yake. Anayedai ratili ya nyama na anayemtemea mate wote wanaishi kwa biashara.

Upande mwingine wapo watunzi waliomtoa hasimu sura kabisa. K. W. Wamitila, katika Bina-Adamu! (2002), anamtuma jagina wake asiye na jina kumtafuta P.P., ambaye athari zake ziko kila mahali ilhali mwenyewe hashikiki. Ni chaguo lenye mantiki, kwa kuwa utandawazi hauna nyumba ambayo mtu anaweza kubisha hodi. Riwaya hiyo inastahili sifa ilizozipata. Wafuasi wake, hata hivyo, wamelifanya jambo hilo kuwa njia ya mkato. Siku hizi si nadra kusoma hadithi fupi ya mwanafunzi ambamo adui ni Mfumo, au Ubeberu, au Ukame, kila mmoja kwa herufi kubwa. Ukame unaweza kuua kijiji kizima. Hauwezi kuwa hasimu. Hasimu huchagua, angeweza kutenda vingine naye akakataa. Mvua haikukataa kunyesha kwa kumchukia mtu.

Turejee Makueni, maana huko mtunzi ana hasimu anayemgoja, naye haitwi Ukame. Mito mingi ya eneo hilo ni ya msimu. Maji yakishapita, yanayosalia hujificha ndani ya mchanga, na wanawake huchimba visima vifupi katika mkondo mkavu ili kuyapata. Mchanga ndio tangi. Ndiyo sababu Ukambani umejengwa mabwawa ya mchanga kwa miongo kadhaa: ukuta mfupi unakingamishwa mtoni, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanahifadhika humo mbali na jua. Mchanga huohuo unatakiwa Nairobi kwa ujenzi. Malori yanaingia mitoni usiku, vijana wa kijiji wanayapakia kwa sepetu, na kufikia alfajiri mkondo umeshuka. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kudhibiti matumizi yake, baada ya malalamiko na mapambano ya miaka mingi.

Tuseme mtunzi kijana anaiweka riwaya yake Kasikeu. Jagina wake ni msichana anayeulinda mto. Hasimu atakuwa nani? Mtunzi wa mazoea atamleta tajiri mnene kutoka mjini, mwenye miwani myeusi na simu mbili, na kumwita Bwana Mchwa. Riwaya itakwisha polisi wakimkamata, na msomaji ataifunga bila kusumbuliwa na lolote. Lakini tajiri huyo haujui mto. Hajui ni bonde gani lina mchanga msafi, ni njia ipi lori linaweza kupita pasipo kuonekana, ni mzee yupi asikiaye vizuri na yupi kiziwi. Anayeyajua hayo ni kaka wa msichana. Ndiye mwenye sepetu. Yeye ndiye zimwi lililokuja ngomani likijua kucheza.

Kaka huyo akipewa nafasi ya kusema, riwaya inabadilika. Atasema kwamba mto haujawahi kumlipia mtu karo. Atasema kwamba nyumba za Nairobi ambazo mchanga unazijenga ndimo wanamoishi wajomba wanaosifiwa kijijini kwa kufanikiwa. Atauliza kwa nini wizi uanze kuitwa wizi siku alipoufanya yeye. Jagina hawezi kumjibu kwa hotuba juu ya mazingira. Itambidi atafute jibu jingine, na katika kulitafuta ndipo atakapokua hadi kustahili kuitwa jagina. Mtunzi asipompa kaka hoja hizo, anamnyang'anya dada nafasi ya kukua.

Ipo sababu nyingine, nzito kuliko ya kisanaa. Uwanda ulio upande wa pili wa Sultan Hamud ni wa Kajiado, nchi ya Wamasai, ambao Wakamba huwaita Akavi. Katika masimulizi ya vita vya zamani ya Ukambani, Mkavi ndiye adui, mwenye mkuki, mwizi wa ng'ombe. Historia inaeleza kwamba uvamizi ulikwenda pande zote mbili. Mifugo iliyotekwa ilivuka mpaka kwenda na kurudi, na pamoja nayo walivuka wake, watoto, biashara na maneno. Msimulizi anayemwacha Mkavi bila jina na bila mama hasemi uongo kuhusu mkuki. Anasema uongo kuhusu ng'ombe. Leo watu wa jamii hizo mbili wanauziana mbuzi na nyanya katika soko moja, lakini ngano ya adui asiye na uso bado ipo, imekunjwa, inamngoja mtu wa kuikunjua.

Kenya inajua hukunjuliwaje. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Waki ilirekodi kwamba zilisababisha vifo vya watu 1,133, kuna mahali majirani waliitwa madoadoa. Neno hilo halikuzuliwa na watu wasiojua lugha. Ni neno la Kiswahili safi, sitiari kamili, na lilifanya kazi ambayo vivumishi vya hasimu bapa hufanya: liliondoa jina, uso na jamaa, likabakiza kitu cha kusafishwa. Hakuna anayedai kwamba tamthilia dhaifu huzaa vita. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, nacho kinaweza kuthibitishwa darasani: msomaji aliyefunzwa kwa miaka minne kwamba adui ni orodha ya sifa hasi hana zana za kulitilia shaka neno kama hilo linapomfikia mtaani.

Wapo watakaopinga. Mwalimu mmoja mzoefu anaweza kusema kwamba fasihi ya Kiswahili tangu asili ni fasihi ya maadili, na kwamba kumpa hasimu hoja nzuri ni kumvisha mwovu kanzu nyeupe mbele ya vijana. Pingamizi hilo halipaswi kubezwa. Lakini zimwi la ngomani linapendeza tangu zamani, na bibi aliyelisimulia hakulipunguzia uzuri wake hata kidogo kwa kuwahurumia wajukuu. Alijua kwamba mjukuu aliyefunzwa kulitambua zimwi kwa pembe na mkia atakwenda ngomani akiwa hana kinga. Wengine watasema hasimu mwenye undani humfunika jagina. Basi huyo alikuwa jagina wa aina gani? Liyongo hakufunikwa na mwanawe. Tunamwona vizuri zaidi tunapojua kwamba alikijua kilichofichwa ndani ya swali, akalijibu.

Katika warsha za uandishi za vyama vya wanafunzi upo mtindo wa kumtaka kila mshiriki aandike historia ya maisha ya jagina wake kabla ya kuanza sura ya kwanza: alizaliwa wapi, anaogopa nini, alimpoteza nani. Zoezi hilo lifanywe kwa hasimu kwanza. Aandikiwe utoto wake, deni lake, mtu mmoja anayempenda kwa dhati. Zaidi ya yote, ufafanuliwe usiku ule alipoweza kuacha naye hakuacha. Yule kijana wa Kasikeu, kwa mfano, yuko mtoni saa nane za usiku, taa za lori zimezimwa, na katika mchanga uliochimbwa amekiona kibuyu cha kutekea maji ambacho mama yake alikisahau kisimani jioni. Anakiokota, anakiweka kando kwenye jiwe pasipofika gurudumu, kisha anaishika tena sepetu.